Mizani Moja kwa Kila Kura: Je, Wajumbe Waendelee Kumchagua Rais?



Tumekusanyika kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laonekana kuwa la watu wa mbali, lakini likichunguzwa vyema latugusa sisi wenyewe. Swali ni hili: je, ni haki rais mwenye mamlaka makubwa achaguliwe na wajumbe wachache kwa niaba ya wananchi, au yapasa kila mwananchi amchague kwa kura yake mwenyewe?

Mfano mkubwa wa utaratibu wa wajumbe ni Marekani. Na kwa kuwa Marekani husifiwa kila siku kama shule ya demokrasia, wapo wanaotuuliza: ikiwa taifa lile limewaachia wajumbe kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 200, ninyi Wakenya mna haja gani ya kung'ang'ania kura ya moja kwa moja? Swali hilo si porojo za mabarazani. Mwaka 2018 palitayarishwa hapa kwetu mswada ambao ungewapa wabunge na maseneta kazi ya kumchagua rais. Hoja za namna hiyo hurudi kila baada ya uchaguzi wenye uchungu. Kwa hiyo yafaa tuutazame utaratibu wa Wamarekani kwa macho yetu wenyewe, tujue ulitoka wapi, umefanya nini, na kama wastahili kuhifadhiwa.

Twasema mapema msimamo wetu ili msikilizaji atupime vizuri. Twaamini kwamba utaratibu ule haustahili kuhifadhiwa. Mema yanayosemwa kuwa umo ndani yake yaweza kupatikana kwa njia nyingine, nayo madhara yake hayaponyeki maadamu wenyewe ungali upo.

UTARATIBU WENYEWE

Wengi wetu hudhani kwamba Mmarekani aingiapo katika kituo cha kura humpigia rais. Kwa kweli huwapigia kura wajumbe wa jimbo lake walioahidi kumuunga mkono mgombea fulani. Wajumbe hao jumla yao ni 538. Kila jimbo hupewa wajumbe sawa na viti vyake katika Baraza la Wawakilishi, ambavyo hutegemea wingi wa watu, pamoja na viti vyake viwili vya Seneti, ambavyo ni sawa kwa kila jimbo. Mji mkuu wa Washington hupewa wajumbe 3 kwa mujibu wa marekebisho ya katiba ya mwaka 1961. Apataye wajumbe 270 ndiye rais.

Majimbo 48 kati ya 50 humpa mshindi wa jimbo wajumbe wote, hata kama amemshinda mwenzake kwa kura chache mno. Ni Maine na Nebraska pekee ambazo hugawa baadhi ya wajumbe wao kwa kufuata wilaya za uchaguzi. Mwezi wa Desemba wajumbe hukutana, kila kundi katika jimbo lake, hupiga kura zao, kisha hutawanyika na kazi yao ikawa imekwisha. Iwapo hakuna aliyefikisha 270, uamuzi hupelekwa kwa Baraza la Wawakilishi, na huko kila jimbo, liwe kubwa au dogo, huwa na kura moja tu.

Sasa tuitazame mizani hiyo. Kwa sensa ya mwaka 2020, California ilikuwa na watu wapatao milioni 39.5, nayo ina wajumbe 54. Wyoming ilikuwa na watu wapatao 577,000, nayo ina wajumbe 3. Maana yake ni kwamba mjumbe mmoja wa Wyoming husimama badala ya watu wapatao 192,000, na mjumbe mmoja wa California badala ya watu wapatao 732,000. Mtu mmoja kule ana uzito wa karibu watu wanne huku.

Maandiko Matakatifu yanamkemea mfanyabiashara mwenye mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, moja zito na moja jepesi. Ndugu zetu Waislamu nao wana sura nzima katika Kurani inayowaonya wapunjao vipimo. Ikiwa ni dhambi kupunja kilo ya sukari, basi kupunja sauti ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hakuwezi kuwa jambo dogo.

Tena mizani hiyo haipunji tu. Wengine hawahesabiwi kabisa. Mwaka 2020 Donald Trump alipata kura zaidi ya milioni 6 katika California, nyingi kuliko alizopata Texas, jimbo ambalo alilishinda. Kura hizo za California hazikumpa hata mjumbe mmoja. Joe Biden naye alipata zaidi ya milioni 5 katika Texas, asipate mjumbe hata mmoja. Kwa hiyo yeyote asemaye kwamba jambo hili ni ugomvi wa chama kimoja na kingine hajalitazama. Aliyepunjwa ni mpiga kura, wa chama chochote kile, aliyebahatika vibaya kuishi mahali ambapo jirani zake wengi wana maoni tofauti na yake.

ULITOKA WAPI

Utaratibu huu ulitungwa katika mkutano wa katiba uliofanyika Philadelphia mwaka 1787. Wakati ule nchi ilikuwa pana, barabara mbaya na habari zikisafiri polepole. Baadhi ya wajumbe wa mkutano waliogopa kwamba mkulima wa jimbo moja hangemjua kiongozi wa jimbo jingine. Wengine hawakuwaamini raia wa kawaida. Hata hivyo mmoja wao, James Wilson wa Pennsylvania, alipendekeza rais achaguliwe na wananchi wenyewe.

Lakini palikuwa na sababu nyingine, nayo isifichwe mbele ya watu wa dini. James Madison wa Virginia, aliyekuwa mwenyewe mmiliki wa watumwa, alikiri katika mkutano huo kwamba kura ya wananchi ndiyo ilikuwa njia inayofaa zaidi. Kisha akaeleza kizuizi: majimbo ya Kusini hayangekuwa na nguvu katika uchaguzi wa namna hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya watu wake walikuwa watumwa wasioruhusiwa kupiga kura. Katiba ilikuwa na dawa ya jambo hilo: katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Na kwa kuwa idadi ya wajumbe ilifuata idadi ya viti, bwana wa watumwa alipata nguvu ya kumchagua rais kwa migongo ya watu aliowafunga minyororo. Katika uchaguzi wa mwaka 1800 Virginia ilikuwa na wajumbe 21 na Pennsylvania 15, ingawa idadi ya watu huru wa majimbo hayo mawili haikutofautiana sana. Katika miaka 36 ya kwanza ya urais wa Marekani, miaka 32 ilitawaliwa na marais kutoka Virginia, na wote walikuwa wamiliki wa watumwa.

Hatusemi kwamba kila kitu kilichozaliwa katika dhambi lazima kitupwe. Twasema kwamba asiwepo wa kutuambia kuwa utaratibu huu ni hekima tupu ya wazee iliyoshushwa kutoka mbinguni. Yalikuwa mapatano, na waliolipa gharama ya mapatano hayo hawakuwa na kiti mezani.

UMEFANYA NINI

Mara tano mtu aliyepata kura nyingi za wananchi kuliko wenzake amekosa urais. Mwaka 1824 Andrew Jackson alitangulia, Baraza la Wawakilishi likampa John Quincy Adams. Mwaka 1876 Samuel Tilden alimzidi Rutherford Hayes, lakini baada ya mabishano marefu juu ya wajumbe wa majimbo machache, Hayes akaapishwa. Mwaka uliofuata majeshi ya serikali kuu yaliyobaki Kusini yakaacha kuwalinda watu weusi waliotoka utumwani, nao wakaachwa mikononi mwa mabwana zao wa zamani. Mwaka 1888 Grover Cleveland alishindwa na Benjamin Harrison hali alikuwa na kura nyingi zaidi. Mwaka 2000 Al Gore alimzidi George Bush kwa kura zaidi ya 500,000 katika nchi nzima, lakini hesabu rasmi ya Florida ilimpa Bush nafasi ya kura 537, na Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ikasimamisha kuhesabu upya. Mwaka 2016 Hillary Clinton alitangulia kwa kura karibu milioni 2.9, na Trump akawa rais kwa wingi wa wajumbe.

Mwaka 2024 Trump alipata wajumbe 312 dhidi ya 226 wa Kamala Harris, na pia akapata kura nyingi zaidi za wananchi. Basi hatusemi haya ili kumvua mtu ushindi wake. Twauliza tu: utaratibu ambao wakati mwingine hufuata wananchi na wakati mwingine huwapinga, una faida gani? Unapowafuata, hauhitajiki. Unapowapinga, hauna haki.

Hata huyo mjumbe mwenyewe ametiwa shakani. Mwaka 2016 wajumbe 7 walimpigia kura mtu mwingine badala ya yule waliyeahidi. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba majimbo yana mamlaka ya kuwalazimisha watimize ahadi. Uamuzi huo ni mzuri, lakini unatuachia fumbo. Ikiwa mjumbe yu huru, aweza kumnyang'anya mwananchi chaguo lake. Ikiwa hayuko huru, basi ni kupe aliyeganda kati ya mwananchi na rais, bila kazi.

HOJA ZA WANAOUTETEA

Haki ni kumsikiliza mwenzako kabla ya kumhukumu. Wanaoutetea utaratibu huu si wajinga, na baadhi ya hoja zao zatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Hoja ya kwanza ni kwamba wajumbe hulinda majimbo madogo na sehemu za mashambani, ili mgombea asikimbilie miji mikubwa tu. Tumewahi kuwa na hofu kama hiyo hapa kwetu; ndiyo iliyozaa mabishano ya majimbo kati ya KANU na KADU wakati wa Uhuru. Lakini tutazame mambo yalivyo. Mwaka 2024 kampeni zilijaa katika majimbo saba: Pennsylvania, Michigan, Wisconsin, Georgia, North Carolina, Arizona na Nevada. Wyoming na Vermont, majimbo madogo kabisa kwa watu, hayakubembelezwa, kwa sababu matokeo yao yalijulikana mapema. Anayelindwa na utaratibu huu ni jimbo lenye mashaka, wala si jimbo dogo.

Na hapa Kenya tunacho cha kuwaonyesha wenzetu. Katiba yetu ya mwaka 2010 yamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Asipopatikana mtu wa namna hiyo, wananchi hurudi vituoni kwa duru ya pili. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 William Ruto alitangazwa kufikisha asilimia 25 katika kaunti 39, na Raila Odinga katika kaunti 34. Kwa njia hiyo mgombea hulazimika kuzunguka nchi, na kura ya Mandera ina uzito ule ule wa kura ya Nairobi. Twaweza kuwa na rais anayejulikana pande zote bila kumpa mtu yeyote jiwe jepesi la kupimia.

Hoja ya pili ni kwamba Marekani ni muungano wa majimbo, kwa hiyo majimbo yawe na sauti. Ni kweli. Ndiyo maana wana Seneti, ambako kila jimbo lina viti viwili. Nasi kwa sababu kama hiyo twalo Bunge la Seneti kwa ajili ya kaunti. Lakini rais ni mmoja, na amri yake humfikia kila mtu mmoja mmoja: askari anayepelekwa vitani, mlipa kodi, mgonjwa hospitalini. Mamlaka yanayomgusa kila mtu yanapaswa kutoka kwa kila mtu.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na kwetu ina damu ndani yake. Wasema kwamba kura zikijumlishwa kwa nchi nzima, kila kura ya wizi popote pale huwa na thamani, na ugomvi wa kijiji kimoja huwa ugomvi wa taifa. Lakini kwa wajumbe, ugomvi hubaki katika jimbo moja au mawili. Tunayakumbuka ya mwaka 2007. Baada ya uchaguzi ule zaidi ya Wakenya 1,100 walikufa, na tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler iligundua kwamba katika ngome za pande zote mbili kulikuwa na idadi za wapiga kura zisizoweza kuaminika. Asiyekubali kwamba kura ya moja kwa moja yaweza kuibwa hakuwa Kenya.

Lakini tuifikirie hoja hiyo mpaka mwisho wake. Mwaka 2020 Biden alimzidi Trump kwa kura zipatazo milioni 7. Hata hivyo, kama kura zipatazo 43,000 tu katika Arizona, Georgia na Wisconsin zingegeuka, wagombea wangelingana wajumbe 269 kwa 269. Mwizi wa kura angechagua kuiba milioni 7 au 43,000? Utaratibu wa wajumbe haumfukuzi mwizi. Humwonyesha mlango ulio mwepesi kuvunjwa. Tena ule muda kati ya kura ya mwananchi na kura ya mjumbe uliwapa wakorofi nafasi. Katika majimbo kadhaa ziliandikwa orodha za wajumbe wa bandia, na tarehe 6 Januari 2021 umati ukavamia jengo la Bunge lao wakati kura za wajumbe zilipokuwa zikihesabiwa. Mwaka 2022 walilazimika kutunga sheria mpya ya kuziba nyufa hizo.

Dawa ya wizi ni kuhesabu mbele ya macho ya watu. Mwaka 2017 Mahakama yetu ya Rufaa ilithibitisha kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika eneo la bunge ni ya mwisho, hayawezi kubadilishwa Nairobi. Mwaka huo huo, tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu ikabatilisha uchaguzi wa rais. Mwaka 2022 fomu za matokeo za vituoni ziliwekwa mahali ambapo kila mwananchi aliweza kuzisoma na kujumlisha mwenyewe. Hizo ni kuta tulizojenga kwa machozi. Hatukuzijenga kwa kumwondoa mwananchi mlangoni.

Hoja ya nne ilitolewa na watu wa haki hasa. Mwaka 1979, Seneti ya Marekani ilipojadili kuwaondoa wajumbe, baadhi ya viongozi wa watu weusi, akiwemo Vernon Jordan wa National Urban League, walipinga. Waliona kwamba watu wao katika majimbo makubwa ya Kaskazini, ambako vyama vilikaribiana, waliweza kuamua mshindi. Twaiheshimu hesabu yao. Mnyonge hushika fimbo iliyo karibu. Lakini fimbo hiyo haikuwafaa ndugu zao wa Kusini. Katika Mississippi zaidi ya theluthi moja ya watu ni weusi. Tangu mwaka 1976 jimbo hilo halijampa mgombea wa chama cha Democratic mjumbe hata mmoja, na chama hicho ndicho ambacho wengi wa watu weusi hukipigia kura. Wajukuu wa wale waliohesabiwa watatu kwa kila watano sasa huhesabiwa wote vituoni, kisha kura zao huishia mpakani mwa jimbo.

SISI TUNAIJUA MIZANI HII

Ndugu zetu, Mkenya hahitaji kusafiri hadi Marekani ili aujue uchungu wa jambo hili. Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, mwezi wa Machi 1957, serikali ya kikoloni iliweka masharti ya elimu, mapato na mali, na mtu mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu kulingana na hali yake. Kisha katiba ya Lennox-Boyd ikaongeza viti 12 vya wajumbe maalum, vinne kwa kila kundi la Waafrika, Waasia na Wazungu, waliochaguliwa na Baraza lenyewe badala ya wananchi. Wawakilishi wa Waafrika, akina Tom Mboya na Oginga Odinga, waliupinga mpango huo. Walifahamu kwamba mtu akichaguliwa na wakubwa atawatumikia wakubwa. Kilio cha wakati ule kilikuwa mtu mmoja, kura moja. Hakikuwa kilio cha kuazimwa.

Baada ya Uhuru nasi tuliujaribu mzunguko. Katika katiba ya jamhuri ya mwaka 1964, kila mgombea wa ubunge alitangaza mgombea urais anayemuunga mkono, na wingi wa wabunge ndio uliomweka rais. Mwaka 1968 katiba ilibadilishwa ili wananchi wamchague rais wenyewe. Hata hivyo haki hiyo ilikaa katika karatasi tu. Katika chaguzi za 1969, 1974, 1979, 1983 na 1988 rais hakuwa na mpinzani, akatangazwa kuwa amepita bila kupingwa. Hata kura ya siri ilipokonywa katika uteuzi wa chama wa mwaka 1988, wananchi wakapangwa milolongo nyuma ya picha za wagombea, jambo ambalo viongozi wa makanisa walikuwa wamelikemea tangu mwaka 1986.

Ilibidi watu wafungwe, wapigwe na wengine wafe, hata kifungu cha 2A kikafutwa mwezi wa Desemba 1991. Ni tarehe 29 Desemba 1992 ndipo Wakenya walipomchagua rais kwa mara ya kwanza kati ya wagombea kadhaa, kila mtu kwa karatasi yake. Siku hiyo nayo ilitufunza kwamba kura ya moja kwa moja haitoshi peke yake. Upinzani uligawanyika, na Rais Moi akarudi madarakani kwa kura zipatazo asilimia 36. Sharti la asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane lilikuwapo, lakini sharti la kupata zaidi ya nusu ya kura halikuwapo. Mwaka 2010 tuliyaunganisha yote mawili. Hivyo ndivyo mageuzi yanavyokwenda: unaposhindwa na chombo, unakitengeneza; huzami kwa makusudi ili urudi kwenye mtumbwi wa zamani.

ANAYECHAGUA AWEZE KUONDOA

Huenda mtu akauliza: je, si kweli kwamba Afrika Kusini na Botswana rais huchaguliwa kupitia Bunge? Na India na Ujerumani, je? Ni kweli, na hatuzilaumu nchi hizo. Rais wa India na wa Ujerumani hawana mamlaka makubwa ya utendaji. Na Afrika Kusini na Botswana, Bunge linalomweka rais hubaki pale, likimtazama, na laweza kumwondoa kwa kura ya kutokuwa na imani. Anayechagua anaweza kuuliza hesabu.

Wajumbe wa Marekani hawako hivyo. Hukutana siku moja, humpa mtu mmoja mamlaka makubwa kuliko karibu kila mtu duniani, kisha hutoweka. Hakuna mwananchi awezaye kuwaita wajumbe wa mwaka jana na kuwauliza walifanya nini. Basi kipimo chetu na kiwe hiki kila mtu anapotuletea mpango mpya hapa Kenya: je, hao watakaomchagua kiongozi kwa niaba yetu wataweza kumwondoa, na je, sisi tutaweza kuwaondoa wao? Mpango unaomwachia rais nguvu zote, huku ukimpokonya mwananchi kura, ni mlolongo wa mwaka 1988 uliovalishwa suti.

Wamarekani wenyewe hawajalala. Mwaka 1969 Baraza lao la Wawakilishi lilipitisha marekebisho ya kuwaondoa wajumbe kwa kura 338 dhidi ya 70. Mwaka 1970 maseneta wachache, wakiongozwa na watetezi wa ubaguzi kutoka Kusini, waliyaua kwa maneno marefu yasiyokwisha. Mwaka 1979 yalirudi, yakapata kura 51 dhidi ya 48, zisizofika theluthi mbili zinazohitajika. Sasa majimbo yanajaribu njia nyingine: yanaahidiana kuwapa wajumbe wao wote mshindi wa kura za nchi nzima, na ahadi hiyo itaanza kufanya kazi yatakapofikisha wajumbe 270. Hadi mwaka 2024 majimbo 17 pamoja na mji mkuu, yenye wajumbe 209, yalikuwa yamekubali. Haba na haba hujaza kibaba.

Sisi hatuna kura kule, lakini tunayo hapa. Twawaomba mfanye mambo matatu. Kwanza, katika makanisa na vikundi vyenu, someni kwa sauti masharti ya katiba yetu kuhusu uchaguzi wa rais, hata bibi asiyejua kusoma ayajue. Pili, siku ya kura msiondoke kituoni kabla ya fomu ya matokeo kubandikwa ukutani. Kura isiyolindwa ni sawa na kura iliyopigwa na mjumbe asiyejulikana. Tatu, mswada wowote utakaogusa haki hii ukija, ulizeni mapema, kabla haujawa sheria, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapo waliofungwa ili sisi tupewe karatasi moja yenye uzito mmoja. Mwenye shamba kubwa anayo moja, na mfagizi wa barabara anayo moja. Askofu anayo moja, na yule aliyebatizwa jana anayo moja. Tusikubali mtu atubebee.

Mungu aibariki Kenya, na awape ndugu zetu wa Marekani ujasiri wa kuirekebisha mizani yao.